Kulizuia Kosa Kabla Gunia Halijashonwa



Mkaguzi anayesoma madaftari ya mikutano ya vyama vinavyotengeneza vyakula hukutana kila mara na sentensi moja, nayo ni hii: kwamba kamati imewaonya wafanyakazi wawe waangalifu zaidi. Sentensi hiyo huandikwa baada ya mali kuharibika au mnunuzi kurudisha mzigo. Hutiwa sahihi na mwenyekiti na katibu, na daftari hufungwa. Baada ya miezi michache kosa lile lile hutokea, na sentensi ile ile huandikwa tena kwa wino mwingine. Uangalifu ni jambo jema, hakuna anayelipinga. Lakini uangalifu wa binadamu una mpaka, na mpaka wake aghalabu ni saa nane za mchana, jua likiwa kali, mtu amekwisha kugeuza magunia kumi kwa beleshi, na mwenzake anamwuliza habari za maziko ya jana.

Somo hili linahusu namna ya kuipanga kazi ya kutengeneza chakula ili kosa lisipate nafasi, au likitokea lijionyeshe lenyewe papo hapo, kabla chakula hakijatoka mikononi mwetu. Mfano tutakaoufuata ni wa kutia madini joto katika chumvi. Tumeuchagua kwa kuwa chumvi ni kazi ya pwani zetu hapa Pemba, na kwa kuwa kosa lake halionekani kwa macho wala halionjeki kwa ulimi. Mkate uliosahauliwa hamira hujisema wenyewe mbele ya tanuri. Chumvi iliyosahauliwa madini joto ni nyeupe na kali kama chumvi nyingine yoyote, na mwanachama aliyeitengeneza huila nyumbani kwake pasina kujua.

Madini joto yanayohitajiwa na mwili ni kidogo mno. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mwenye mimba 250. Anayeyakosa kwa muda mrefu huota rovu shingoni, na hilo ndilo linaloonekana. Lisiloonekana ni zito zaidi: mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa mfu, au kuzaliwa hai lakini akili yake isifike pale ambapo ingefika, akaenda skuli na kuitwa mvivu. Watu wengi wa visiwani walidhani, na wengine wangali wanadhani, kwamba anayekula samaki hawezi kupungukiwa na madini hayo. Uchunguzi uliofanywa Zanzibar na kuchapishwa mwaka 2006 uliibatilisha dhana hiyo. Mkojo wa watoto wa skuli ulipopimwa, kiwango cha kati kwa Unguja kilikuwa kiasi cha mikrogramu 186 katika lita moja. Kwa Pemba kilikuwa 53 tu, hali kinachotakiwa kisipungue 100. Na katika nyumba za Pemba zilizochunguzwa, zilizokutwa na chumvi yenye madini joto zilikuwa kiasi cha moja katika mia, wakati Unguja zilizidi sitini katika mia. Hizo ni hesabu za wakati ule, lakini kisa chake hakijabadilika: chumvi ya bahari yenyewe, kabla ya kutiwa kitu, karibu haina madini hayo kabisa. Yaliyomo guniani ni yale tu yaliyotiwa na mkono wa mtu.

Kazi yenyewe, katika chama kidogo, ni nyepesi kuieleza. Chumvi huvunwa majarubani na kuachwa ichuruzike mpaka ikauke, kwa sababu chumvi iliyo chepechepe huyatoa madini pamoja na maji yake. Hutandazwa juu ya turubai. Unga wa potasiamu ayodeti huyeyushwa katika maji, maji hayo hupuliziwa juu ya chumvi kwa bomba la mkono au la mgongoni, chumvi hugeuzwa kwa beleshi, hutiwa guniani, gunia hushonwa. Uchunguzi mwingine, uliofanywa katika vituo vya wazalishaji wadogo wa pwani ya kaskazini ya Tanzania Bara na kuchapishwa mwaka 2009, ulikuta kwamba chumvi iliyotengenezwa kwa njia hii ilikuwa na madini yaliyotofautiana mno baina ya sampuli na sampuli. Watu wale walikuwa wakifanya kazi, tena kazi ya sulubu. Ila kazi yao haikuwa na kitu cha kuwaambia wapi wamezidisha na wapi wamesahau.

Wengine watasema kwamba kipo kichupa cha kupimia: udondoshe tone juu ya chumvi, igeuke rangi ya samawati, uridhike. Kichupa hicho ni cha lazima na kila chama kiwe nacho. Lakini yafaa kujua kinasema nini. Kinasema kwamba madini yamo au hayamo pale palipodondoka tone. Hakiaminiki kusema ni kiasi gani, wala hakijui habari za chumvi iliyo chini ya gunia. Zaidi ya hayo, kipimo huja baada ya kazi. Kikionyesha kosa, magunia yamekwisha kushonwa na kupangwa, na hakuna ajuaye ni lipi katika kumi lililorukwa. Hapo ndipo hutokea majadiliano marefu, na mara nyingi mzigo hupakiwa hivyo hivyo.

Sasa tutazame jinsi wengine walivyolitatua jambo kama hili, ijapokuwa kazi yao haikuwa ya chakula. Mwaka 1961 mhandisi wa Japani, Shigeo Shingo, aliitwa katika kiwanda cha Yamada Denki. Wafanyakazi wa pale waliunganisha swichi ndogo ambayo ndani yake huwekwa springi mbili. Mara kwa mara mfanyakazi alisahau springi moja, swichi ikafungwa, ikapelekwa kwa mnunuzi, na lawama zikarudi. Wakubwa wa kiwanda walifanya yale yale tunayoyafanya sisi: waliwaonya wafanyakazi. Kwa siku chache mambo yalitengenea, kisha yakarudi palepale. Shingo hakuongeza onyo. Aliweka kisahani kidogo mbele ya kila mfanyakazi, akaagiza kwamba kabla ya kushika swichi, mtu achukue springi mbili kutoka katika sanduku kubwa na kuziweka kisahanini. Kisha aunganishe. Swichi ikimalizika na springi imebaki kisahanini, basi imesahauliwa, na mwenyewe huiona kabla hajaitoa swichi mkononi.

Msomaji aizingatie hekima ya kisahani. Sanduku kubwa la springi haliwezi kusema kitu, kwa kuwa likipungua moja au mbili hakuna atambuaye. Kisahani kinasema, kwa sababu kimewekewa idadi ya kazi moja tu. Mtu yule yule, mwenye kusahau kule kule, amepewa kitu cha kumkumbusha kwa wakati wake.

Njia za namna hiyo Shingo aliziita mwanzoni kwa neno la Kijapani lenye maana ya kumzuia mpumbavu. Mwaka 1963, katika kiwanda kimoja, mfanyakazi mwanamke alipoelezwa kwamba kifaa kile kimewekwa kwa sababu hiyo alilia, akauliza kama yeye ni mpumbavu hata awekewe kitu kama hicho. Shingo akalibadili jina, akaziita poka-yoke, yaani kuepusha kosa la kupitiwa. Mimi naona badiliko hilo lina faida kwa wanaushirika kuliko hata kisahani chenyewe. Chama ni mali ya wale wale wanaoshika beleshi. Mtu hawezi kuwa mwenye mali siku ya mkutano mkuu na kuwa mpumbavu siku ya kazi.

Turudi bandani kwetu na kukitafuta kisahani cha chumvi.

Jambo la kwanza ni kuacha kutengeneza maji ya madini kwa pipa zima au kwa kadiri ya jicho. Kwa ajili ya hesabu tuchukue kwamba chama kinataka miligramu 50 za madini joto katika kila kilo ya chumvi. Kiwango halisi ni kile kilichowekwa na mamlaka ya viwango na ya chakula, nacho ndicho kifuatwe. Gunia la kilo 50 litahitaji miligramu 2,500, yaani gramu 2.5 za madini joto. Lakini unga tunaoununua si madini matupu. Gramu 1 ya madini joto hupatikana katika kiasi cha gramu 1.69 za potasiamu ayodeti. Kwa hiyo gunia moja huhitaji gramu 4.2 za unga. Mizani ya kawaida ya dukani haiwezi kupima gramu 4.2 kwa uaminifu, na hapa ndipo vyama vingi vinapotumia kijiko, na kijiko cha mtu mmoja kina kilima na cha mwingine kimesawazishwa.

Dawa yake ni kupima unga wa magunia kumi kwa mara moja. Gramu 42 hupimika vizuri zaidi, na kosa la gramu moja hugawanyika kwa magunia yote kumi. Unga huo huyeyushwa katika ndoo yenye maji safi, maji yakakamilishwa hadi lita 5 kamili kwenye alama iliyochorwa ndooni, yakakorogwa mpaka unga umalizike, kisha yakagawanywa katika chupa kumi za nusu lita. Kila chupa sasa ni ya gunia moja, wala si ya jingine. Kazi hii ifanywe asubuhi, na watu wawili, mmoja akipima na mwingine akisoma mizani kwa sauti.

Jambo la pili ni ubao wenye matundu kumi. Chupa kumi husimamishwa humo, katika mstari, kabla ya kazi kuanza, na chumvi ya siku hiyo hugawiwa mafungu kumi kwa sanduku la mbao lisilo na kitako, lililotengenezwa ili likijazwa na kusawazishwa kwa ubao liwe na kilo 50. (Sanduku hilo lipimwe kwa chumvi ya chama chenyewe, maana chumvi ya chenga kubwa na ile laini hazilingani uzito katika chombo kimoja; na lipimwe upya kila msimu.) Fungu moja, chupa moja. Chupa humiminwa yote katika bomba, bomba hupuliziwa mpaka liishe huku mwenzake akigeuza, na chupa tupu hurudishwa katika tundu lake ikiwa kichwa chini. Kazi ikikoma kwa ajili ya sala au chakula, atakayerudi hana haja ya kumwuliza mtu walifika wapi. Ubao utamwambia. Mwisho wa siku, chupa ikibaki imejaa na chumvi imekwisha, fungu moja limerukwa. Chupa zikiisha na chumvi ingaliko, fungu moja limepewa mara mbili, na hilo nalo si salama, kwani madini yakizidi mno hudhuru tezi ile ile tuliyotaka kuilinda.

Hata hivyo, kungoja mwisho wa siku ni kuchelewa, kwani magunia yatakuwa yamekwisha kushonwa. Kwa hiyo napendekeza jambo la tatu, ambalo gharama yake ni uzi tu. Kipande cha uzi wa katani kinachotosha kushona gunia moja kizungushwe shingoni mwa kila chupa asubuhi ile ile, na usiwepo uzi mwingine bandani. Mwenye shazia hatapata uzi wa kushonea ila kwa kuifungua chupa ya gunia hilo, na akiifungua ataona kama imejaa au ni tupu. Chumvi isiyopuliziwa haitapata uzi. Hii ndiyo tofauti ya kosa linaloripotiwa na kosa linalozuiwa: ubao unatoa habari, uzi unafunga mlango.

Lipo kosa jingine ambalo chupa na uzi haviligusi, nalo ni kuchanganya vitu viwili vinavyofanana. Kwa hili sitatoa mfano wa karibu, bali wa jimbo la Michigan, Marekani, kwa kuwa uliwapata wakulima waliojumuika katika chama chao. Kampuni ya Michigan Chemical ilitengeneza bidhaa mbili katika kiwanda kimoja. Moja iliitwa NutriMaster, madini ya magnesiamu yanayochanganywa katika chakula cha ng'ombe. Nyingine iliitwa FireMaster, kemikali ya kuzuia plastiki isishike moto. Mwaka 1973 magunia ya FireMaster yalipelekwa kwa makosa badala ya NutriMaster katika kinu cha chakula cha mifugo cha Farm Bureau Services, shirika la huduma la chama cha wakulima wa jimbo hilo. Ilielezwa baadaye kwamba magunia yaliyopigwa chapa yalikuwa yamekwisha, na majina yakaandikwa kwa mkono. Sumu ikachanganywa, ikagawiwa mashambani, ikaliwa. Ng'ombe waliacha kutoa maziwa na kuanza kufa, na chanzo hakikujulikana mpaka mwaka 1974. Ng'ombe wapatao 30,000 na kuku wapatao milioni moja na nusu waliangamizwa, na wananchi wa jimbo hilo walikuwa wamekwisha kula nyama, mayai na maziwa yake. Miongo mingi baadaye sumu hiyo ilikuwa ingali ikipatikana katika damu zao.

Majina mawili yanayofanana, ghala moja, magunia yasiyo na alama. Hakuna aliyekusudia ubaya. Sasa tujiulize: bomba la mgongoni linalopulizia chumvi ya chama hulala wapi? Katika vijiji vyetu bomba ni chombo cha kuazimana. Lililopulizia dawa ya wadudu katika mpunga au mboga juzi, likasuuzwa kwa maji mara mbili, halitofautiani kwa sura na lile la chumvi. Kuandika juu yake "USITUMIE KWA DAWA" ni onyo tu, na habari za maonyo tumekwisha kuzieleza; isitoshe, rangi hubanduka. Afadhali bomba la chumvi lifungwe kwa mnyororo katika nguzo ya banda, mnyororo wenye urefu wa kulifikia turubai na usiofika mlangoni. Na unga wa ayodeti usikae kamwe katika ghala la mbolea na dawa, hata likiwa ndilo ghala pekee lenye kufuli. Uwekwe ofisini kwa katibu, katika mkebe wa umbo ambalo hakuna kitu kingine chamani kilichowekwa katika mkebe wa namna hiyo.

Kadhalika chumvi mbichi na chumvi iliyokwisha kutengenezwa zisikutane. Banda likiruhusu, mbichi iingie kwa mlango mmoja na iliyo tayari itoke kwa mwingine. Banda likiwa na mlango mmoja, basi mbichi ije kwa pakacha au ndoo tu, na gunia lisipewe mtu ila upande wa kushonea. Chumvi iliyo ndani ya gunia itakuwa imepita turubaini, kwa kuwa hapakuwa na gunia kabla ya hapo.

Nimekwisha kuulizwa na wajumbe wa kamati: je, mtu akiona chupa imebaki, si ataimwaga nje ili aonekane amemaliza kazi? Atafanya hivyo, na huenda wengi wakafanya, ikiwa chama kina desturi ya kumkata posho aliyesahau. Hili ndilo jambo ambalo naona limeharibu mipango mingi mizuri. Kifaa cha kufichua kosa na faini kwa mwenye kosa haviwezi kukaa nyumba moja. Chupa iliyobaki imeokoa gunia. Aliyeitangaza amekifaa chama, hata kama ni yeye aliyesahau. Kamati iandike katika daftari ni fungu la ngapi na saa ngapi, wala isiandike jina. Baada ya mwezi, saa zile zitaonyesha kitu. Zikilundikana baada ya adhuhuri, kazi ianze mapema. Zikilundikana siku ya mnada, ijulikane kuwa siku hiyo watu huondoka na kurudi. Majina yangeonyesha nini, isipokuwa nani ana jamaa katika kamati na nani hana?

Isidhaniwe kwamba njia hizi humaliza kila kitu. Chupa tupu haithibitishi kwamba fungu limegeuzwa vizuri; beleshi la mtu aliyechoka huacha chumvi ya chini bila kuguswa, na kwa hilo sijaona kifaa cha bei ndogo kinachoshinda desturi ya kulihamisha fungu zima kutoka turubai moja hadi jingine, mara mbili, ili isiwepo "chini" iliyobaki chini. Wala chupa haijui kama unga ulionunuliwa ni mzima. Ndiyo maana kichupa cha kupimia kibaki, na sampuli ziendelee kupelekwa maabara. Kuepusha kosa la kupitiwa si badala ya kupima. Ni kupunguza yale ambayo kipimo kitayakuta kwa kuchelewa.

Vyama vya mikate, achari, viungo na halua visome haya kwa kubadili majina ya vitu. Mwokaji anayepanga hamira na chumvi ya kila kandio katika vibakuli kabla ya kugusa unga amekwisha kupata kisahani cha Shingo, na bila shaka wako akina mama wanaofanya hivyo tangu zamani bila kumsikia.

Kwa madarasa ya ushirika yatakayojadili somo hili, wanachama wachague kazi moja tu ya chama chao, waifuate kwa miguu tangu mali ghafi inapoingia hadi gunia au paketi inapofungwa, na kila hatua waulize maswali matatu. Hapa mtu akisahau, nani atajua, na atajua lini? Ni kitu gani kinachoweza kuhesabiwa kabla ya kazi ili kinachobaki kiseme? Na je, iko hatua ya mbele, kama uzi na shazia, ambayo yaweza kufungwa isifanyike mpaka ya nyuma iwe imetimizwa? Majibu yaandikwe katika daftari la kamati, pale pale palipozoea kuandikwa onyo, na mkaguzi atakapopita aonyeshwe kwanza ukurasa huo.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika,
Jadida, Wete, Pemba